Viputo Vinavyobeba Jeni: Tumaini la Misuli Dhaifu na Wajibu wa Familia

Wengi katika kina mama wasomaji wetu wanakijua vyema chombo cha altrasaundi. Mja mzito hulazwa kitandani, akapakwa mafuta baridi tumboni, na mhudumu akapitisha kifaa kidogo juu ya ngozi huku akitazama kioo. Sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuisikia hupenya mwilini, ikagonga viungo vya mtoto na kurudi, na kutokana na marejeo hayo picha ikajichora. Hakuna kisu, hakuna mionzi, hakuna maumivu. Ndiyo maana chombo hiki kimekubalika haraka mijini na vijijini, tangu hospitali kubwa za Mombasa hadi zahanati za Bonde la Ufa.

Sasa kuna watafiti wanaojaribu kukifundisha chombo hicho kazi nyingine. Wanataka sauti ile ile isaidie kuingiza jeni ndani ya misuli iliyo dhaifu, ikishirikiana na viputo vya hewa vidogo mno vinavyotiwa katika damu. Habari hii imeanza kufika katika familia zetu kwa njia ya simu, mara nyingi ikiwa imekatwakatwa na kutiwa chumvi, hata mzazi akadhani kwamba tiba imekwisha kupatikana na kinachokosekana ni nauli tu.

Makala haya tunayaelekeza kwa familia zote, lakini hasa kwa jamaa zetu waliohamia bara na kukaa Milimani mjini Nakuru, chini ya mteremko wa Menengai. Mama wa Milimani ambaye mwanawe anaangukaanguka njiani kwenda madrasa yuko mbali na bibi na mashangazi wa Pwani ambao angewaegemea, na maneno ya watu humfikia kabla ya maneno ya daktari. Tunataka kumweleza mambo matatu: maradhi haya ni yapi, elimu hii mpya imefika wapi kwa kweli, na nini kinachoweza kufanywa leo, kabla ya tiba hiyo kufika.

Maradhi yenyewe

Misuli hudhoofika kwa sababu nyingi, lakini maradhi yaliyowasukuma watafiti zaidi ni yale yanayoitwa Duchenne, kwa jina la tabibu wa Kifaransa aliyeyaeleza kwa kina katika miaka ya 1860. Huwapata wavulana karibu peke yao. Inakadiriwa kwamba duniani mvulana mmoja huzaliwa nayo katika kila wavulana 3,500 hadi 5,000. Hayachagui kabila, dini wala bara.

Mtoto huzaliwa akionekana mzima. Dalili huanza kujitokeza kati ya miaka 2 na 5. Huchelewa kutembea, huanguka mara kwa mara, hutembea kwa ncha za vidole, na hushindwa kupanda ngazi kama wenzake. Vigimbi vyake huwa vinene na vigumu, hata jamaa wakamsifu kwa kuwa na miguu ya mchezaji mpira, kumbe unene ule ni mafuta na makovu yaliyochukua nafasi ya msuli. Dalili iliyo wazi kuliko zote huonekana anapoinuka kutoka sakafuni: hujisukuma kwanza kwa mikono, kisha huiweka mikono juu ya magoti na mapaja na kujipandisha, kana kwamba anaukwea mwili wake mwenyewe. Mzazi aliyeona hivyo asingoje.

Chanzo chake ni kasoro katika jeni moja. Mwaka 1987 kundi la watafiti wa Marekani lililoongozwa na Louis Kunkel liliitambua protini inayotengenezwa na jeni hiyo, nayo ikaitwa distrofini. Kazi yake ni kuushika utando wa nje wa kila uzi wa msuli usichanike msuli unapojikunja na kujinyoosha. Palipo na distrofini, msuli hufanya kazi miaka themanini. Pasipo nayo, kila hatua ya mtoto huacha mipasuko midogo. Mwili huiziba kwa muda, kisha hushindwa, na mahali pa msuli pakajaa mafuta na makovu. Bila matibabu wengi huhitaji kiti cha magurudumu wakiwa na umri wa miaka 10 hadi 12. Baadaye moyo na misuli ya kupumua nayo huingia udhaifu.

Mama hana kosa

Hapa tunaomba tusikilizwe na wanaume na wakwe pia. Jeni ya distrofini iko katika kromosomu X. Mvulana anayo X moja tu, aliyoipata kwa mama yake. Ikiwa ina kasoro, hana nyingine ya kuifidia. Msichana anazo mbili, na ile nzima mara nyingi humkinga. Kwa hiyo mama anaweza kuibeba kasoro maisha yake yote bila kujua, na katika kila mimba ya mtoto wa kiume kukawa na nafasi nusu kwa nusu ya kuirithisha.

Lakini si kila mama wa mtoto huyu ana kasoro hiyo. Karibu theluthi moja ya watoto huipata upya, kwa badiliko lililotokea wakati wa kuumbwa kwao, bila ya mtu yeyote katika ukoo kuwa nayo. Basi kumwambia mwanamke kwamba yeye ndiye aliyeleta balaa nyumbani ni kumdhulumu mara mbili: hakuchagua kuibeba, na huenda hata haibebi. Wapo wanawake waliopewa talaka kwa maneno kama haya, na wapo walioburutwa kwa waganga kutolewa majini yasiyokuwapo. Dhuluma haiponyi msuli.

Wengine huuliza kama sababu ni ndoa za binamu. Ndoa za jamaa wa karibu huongeza uwezekano wa maradhi yale yanayohitaji kasoro kutoka kwa baba na mama kwa pamoja, kama selimundu. Duchenne haifuati njia hiyo, bali hupita upande wa mama peke yake, awe ameolewa na binamu au na mtu wa mbali. Lenye faida ni kwa mama na dada zake kupata ushauri wa kitabibu, na kwa mwanamke anayebeba kasoro kupimwa moyo wake mara kwa mara, kwa kuwa baadhi yao nao hupata udhaifu wa moyo ukubwani.

Kwa nini ni vigumu kuipeleka jeni

Mtu atasema: ikiwa kasoro iko katika jeni moja, kwa nini isipelekwe jeni nzima ikachukua mahali pake? Ndilo wazo lenyewe, na limefanyiwa kazi kwa zaidi ya miaka thelathini. Ugumu uko katika usafiri. Misuli ni karibu sehemu mbili kwa tano za uzito wa mwili, imetawanyika kuanzia jicho hadi unyayo, na kila uzi umefungwa ndani ya utando usioruhusu kitu kikubwa kuingia. Jeni ya distrofini nayo ni miongoni mwa jeni ndefu kuliko zote alizonazo binadamu. Ina zaidi ya herufi milioni mbili, na maelezo ya kutengeneza protini yamegawika katika vipande 79. Ukiviunganisha vipande hivyo peke yake unabaki na ujumbe wa herufi karibu 14,000.

Njia iliyotangulia ni ya kutumia virusi. Virusi ni stadi wa kuingia ndani ya seli, basi wataalamu huchukua aina isiyoleta maradhi, wakaitoa kilichomo na kuipakia jeni wanayoitaka. Lakini chombo hicho ni kidogo: hakibebi hata herufi 5,000. Ikabidi kutengenezwa distrofini fupi, iliyokatwa sehemu nyingi na kubakishwa zile za lazima. Dawa ya kwanza ya aina hiyo, Elevidys, iliidhinishwa Marekani mwezi Juni 2023. Bei yake ilitangazwa kuwa dola milioni 3.2 kwa mgonjwa mmoja, yaani zaidi ya shilingi milioni 400 za Kenya.

Bei si kikwazo pekee. Mwili ukishawaona virusi hao huwatengenezea kinga, kwa hiyo dawa hutolewa mara moja tu maishani. Ikififia, hakuna kurudia. Tena mzigo wa virusi unaohitajika kuifikia misuli ya mwili mzima ni mkubwa, na ini huulemewa. Mwaka 2025 vijana wawili waliokuwa wamekwisha kupoteza uwezo wa kutembea walifariki kwa ini kushindwa kufanya kazi baada ya kupewa dawa hiyo, na mwaka huo huo idhini ikapunguzwa na onyo kali likawekwa. Hatusemi haya kuwakatisha watu tamaa. Tunayasema ili ieleweke kwa nini wengine wanatafuta njia isiyohitaji virusi kabisa.

Sauti na viputo

Njia hiyo ilianzia kwenye jambo dogo. Mwaka 1990 Jon Wolff na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walionyesha kwamba ukiidunga DNA tupu ndani ya msuli wa panya, bila virusi wala kifuniko chochote, nyuzi chache za msuli huipokea na kuanza kutengeneza protini. DNA ya namna hii hufungwa katika umbo la pete liitwalo plasmidi. Plasmidi ni rahisi kutengeneza na haina ganda la virusi la kuiamsha kinga ya mwili kama tulivyoeleza. Inaweza pia kuubeba ujumbe wote wa herufi 14,000 bila kukatwa. Tatizo ni hilo neno "chache". Nyuzi zilizoipokea hazikutosha kumsaidia mgonjwa.

Hapo ndipo viputo vinapoingia, navyo havikubuniwa kwa kazi hii. Mwaka 1968 Raymond Gramiak na Pravin Shah, waliokuwa wakipiga picha za moyo kwa altrasaundi huko Rochester, Marekani, walieleza kwamba majimaji yanapodungwa kwenye damu, viputo vinavyotokea hung'aa sana pichani. Kutokana na uchunguzi huo vikaja kutengenezwa viputo maalumu vya kudungwa mshipani ili moyo na ini vionekane vizuri. Ukigawa milimita moja katika mafungu 1,000, upana wa kiputo kimoja ni kama mafungu 2 au 3, ambapo chembe nyekundu ya damu ina mafungu 7 au 8. Kwa hiyo hupita popote damu inapopita. Ndani yake mna gesi nzito isiyoyeyuka upesi, na nje mna ganda jembamba la mafuta au la protini. Baada ya dakika chache ganda huvunjika, na gesi ikatoka kwa pumzi. Viputo hivi vimetumiwa katika hospitali za Ulaya na Marekani tangu miaka ya 1990 kwa ajili ya picha peke yake.

Basi nini hutokea vikikutana na sauti? Sauti ni msukumo na mvuto unaobadilishana. Sauti ya altrasaundi hubadilishana hivyo mara milioni moja au zaidi kwa sekunde. Kiputo, kwa kuwa kimejaa gesi, hubanwa na kutanuka kwa mwendo huo huo. Sauti ikiwa ya wastani, kiputo hudundadunda kando ya ukuta wa mshipa na kuusugua. Ikiwa na nguvu zaidi, hupasuka na kurusha kijito cha maji chenye kasi. Kwa njia zote mbili ukuta wa mshipa hulegea kidogo, na utando wa seli jirani hupata vitundu ambavyo hujifunga vyenyewe baada ya muda mfupi. Katika muda huo mfupi jeni iliyo karibu hupata nafasi ya kuingia.

Kwa hiyo kazi huwa hivi: plasmidi hudungwa pamoja na viputo, katika mshipa au katika msuli wenyewe, kisha kifaa cha altrasaundi huwekwa juu ya ngozi mahali panapotakiwa. Viputo vilivyo nje ya eneo hilo hubaki vimetulia. Daktari ndiye anayechagua mlango ufunguke wapi, kwa kuelekeza kifaa kwa mkono.

Yaliyokwisha kupatikana

Mwaka 2002 watafiti wa Osaka, Japani, akiwemo Yoshiaki Taniyama na Ryuichi Morishita, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba viputo pamoja na altrasaundi huongeza sana kiasi cha jeni kinachopokewa na msuli wa wanyama wa maabara. Mwaka uliofuata kundi la London, wakiwemo Qi Long Lu, Terence Partridge na Martin Blomley, lilieleza jambo kama hilo katika panya na kuongeza lenye uzito: msuli uliumia kidogo kuliko kwa njia nyingine. Kwa mtoto ambaye misuli yake tayari inachanika kwa kutembea tu, hilo si jambo la pembeni.

Utafiti mwingine ulihusu misuli iliyokosa damu. Wasomaji wetu wengi wana mzee mwenye kisukari ambaye mguu wake umekuwa baridi, una kidonda kisichopona, na daktari ametaja kuukata. Mwaka 2007 Howard Leong-Poi na wenzake wa Toronto walionyesha kwamba jeni inayochochea kuota kwa mishipa mipya, ikipelekwa kwa viputo na altrasaundi katika mguu wa panya uliokosa damu, huongeza mishipa na mtiririko wa damu. Huko Japani dawa ya plasmidi ya kudungwa kwenye msuli wa mguu, bila altrasaundi, ilipewa idhini ya muda mwaka 2019. Matokeo yaliyofuata hayakuthibitisha yale ya mwanzo, na mwaka 2024 kampuni ikaliondoa ombi lake la idhini kamili. Hivi ndivyo elimu inavyokwenda: hupiga hatua, ikajipima, na wakati mwingine ikarudi nyuma.

Kwa binadamu, viputo na altrasaundi vimekwisha kutumiwa kupeleka dawa za kawaida, si jeni. Katika mji wa Bergen, Norwei, wagonjwa 10 wenye saratani ya kongosho walipewa dawa yao pamoja na viputo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016 yakionyesha kwamba madhara ya dawa hayakuongezeka. Toronto nako, mwaka 2015, madaktari waliufungua kwa muda ukuta unaoilinda ubongo ili dawa ya saratani ipite. Kwa hiyo njia yenyewe imekwisha kuingia mwilini mwa watu bila ya kuleta maafa. Kilichobaki kigumu ni mzigo wake, yaani jeni.

Yaliyobaki

Hadi tunapoandika makala haya, hakuna nchi iliyoidhinisha tiba ya kupeleka jeni katika misuli ya binadamu kwa altrasaundi na viputo. Nyingi ya kazi hizi zimefanywa kwa panya, ambaye paja lake lote ni dogo kuliko kidole gumba cha mtu mzima. Nyuzi zinazopokea jeni bado hazitoshi. Jeni iliyoingia kwa plasmidi mara nyingi hufanya kazi kwa wiki au miezi, kisha ikafifia, ingawa faida ya njia hii ni kwamba huweza kurudiwa. Sauti ikizidi nguvu, mishipa midogo huvuja damu. Na kwa kuwa sauti hufungua pale tu inapoelekezwa, kuifikia misuli yote ya mwili, pamoja na moyo na kiwambo cha kupumulia, ni kazi ambayo hakuna aliyeimaliza.

Hata hivyo tunaona sababu ya kuifuatilia habari hii kwa makini, sisi wa Afrika Mashariki hasa. Tiba ya virusi huhitaji viwanda na fedha ambazo hazitafika Nakuru kwa miaka mingi. Altrasaundi imekwisha kufika. Tiba itakayojengwa juu ya chombo kilichopo tayari, na mhudumu aliyekwisha kufundishwa kukishika, ina njia fupi zaidi ya kumfikia mtoto wa Milimani.

Kuhusu sharia

Tunajua swali litaulizwa: je, kubadilisha jeni si kuchezea maumbile ya Mwenyezi Mungu? Baraza la Fiqhi lililo chini ya Rabitatul Aalamil Islami lililizungumzia jambo hili katika kikao chake cha Makka mwaka 1998. Liliruhusu elimu ya jeni kutumiwa kwa ajili ya kuzuia maradhi, kuyatibu au kupunguza madhara yake, kwa sharti kwamba isilete madhara makubwa zaidi, na likaharamisha kuitumia kwa kuchezea utu wa mwanadamu au kubadilisha sifa za kizazi. Jeni inayopelekwa katika msuli wa mguu hukusudiwa kubaki kwenye msuli huo, si kurithiwa na watoto. Iwapo siku moja tiba itafika, mambo kama ganda la viputo, ambalo baadhi ya aina hutengenezwa kwa protini ya damu ya binadamu na nyingine kwa mafuta, yaulizwe kwa masheikh pamoja na madaktari. Mtume wetu (s.a.w.) ametuhimiza kutafuta dawa, wala subira haikupata kuwa na maana ya kukaa kitako.

Ya kufanywa leo

Mtoto mwenye dalili tulizozitaja apelekwe hospitali, na mzazi aombe kipimo cha damu kiitwacho CK. Ni kipimo cha kawaida, na katika Duchenne hupanda mara nyingi kupita kiasi. Tahadhari moja: vipimo vya damu ambavyo watu huviita vya ini navyo hupanda kwa sababu ya misuli, na wako watoto waliotibiwa ini kwa miezi huku msuli ukiharibika. CK ikiwa juu, mtoto aelekezwe kwa mtaalamu wa watoto au wa mishipa ya fahamu. Kwa familia za Nakuru, pa kuanzia ni Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kaunti, ambayo wakazi bado wanaiita PGH.

Dawa za steroidi, kama prednisolone, haziponyi, lakini zikitolewa mapema chini ya uangalizi huongeza miaka ya kutembea na kuchelewesha udhaifu wa kupumua. Zina madhara yake: unene, mifupa kuwa dhaifu, kimo kudumaa. Kwa hiyo daktari lazima afuatilie. Kamwe zisiachwe ghafla, hata dawa zikiisha siku ya Ijumaa na duka limefungwa, kwani mwili huweza kuporomoka.

Misuli inyooshwe kila siku kwa upole, hasa vifundo vya miguu, kama mtaalamu wa viungo atakavyoonyesha. Kuogelea na kutembea ni kwema, bali kumlazimisha mtoto kukimbia "apate nguvu" ni kumuumiza. Moyo upimwe tangu maradhi yanapojulikana, na hapa ile altrasaundi tunayoizungumzia tayari ina kazi: ndiyo inayoonyesha kama moyo unasukuma vizuri, na dawa za moyo zikianzwa mapema husaidia. Kifua kisipuuzwe, na homa ya mapafu itibiwe upesi.

Kuna jambo jingine ambalo familia zetu zisilisahau. Mtoto huyu anapopelekwa kutahiriwa au kufanyiwa upasuaji wowote, daktari wa usingizi aambiwe mapema kuhusu maradhi yake. Baadhi ya dawa za usingizi na za kulegeza misuli zinaweza kusimamisha moyo wa mtoto mwenye Duchenne. Neno moja la mzazi mlangoni pa chumba cha upasuaji huokoa maisha.

Asajiliwe pia na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ili apate haki zake za kisheria, na aendelee na shule na madrasa. Maradhi haya hayamzuii kuhifadhi Qur'ani wala kufaulu mitihani. Kwa uangalizi mzuri, vijana wengi sasa huvuka miaka ishirini na kufika thelathini na zaidi. Mtoto huyu anahitaji kutayarishwa kwa utu uzima, na mama anayembeba mgongoni anahitaji kaka, baba na majirani wa kumpokea mzigo.

Mwisho, tuzungumze juu ya wauzaji wa matumaini. Mfa maji haishi kutapatapa, na wapo wanaoishi kwa kutapatapa kwa wenzao. Akija mtu na tangazo la "tiba ya jeni" au "seli mpya za misuli", aulizwe haya kabla ya kiwanja cha urithi kuuzwa. Je, ni tiba iliyoidhinishwa, na nani aliyeiidhinisha? Kama ni majaribio, Bodi ya Famasia na Sumu imeyaruhusu, na kamati gani ya maadili inayasimamia? Ni nani atakayemtibu mtoto akipata madhara? Na kwa nini mshiriki anatozwa fedha, ilhali majaribio ya kweli hayamlipishi mgonjwa dawa inayojaribiwa? Asiyeweza kujibu kwa maandishi, aagwe kwa heshima na mlango ufungwe.

Tarehe 7 Septemba kila mwaka huadhimishwa duniani kwa ajili ya watoto hawa, siku iliyochaguliwa kwa kukumbuka vile vipande 79 vya jeni yao. Tunapendekeza kwa kamati za misikiti na madrasa za Nakuru na za Pwani kwamba siku hiyo, au Ijumaa iliyo karibu nayo, walimu waulizwe swali moja tu: je, kuna mvulana darasani ambaye huinuka kwa kujipandisha kwa mikono? Akipatikana hata mmoja akafikishwa kwa daktari akiwa bado anatembea, tutakuwa tumefanya kazi ambayo hakuna chombo cha Osaka wala Toronto kinachoweza kutufanyia.